Jibu: Nani anakumbuka Live Aid ya 1985?

Dada yangu, umeuliza kama sisi watoto tulielewa lolote katika Live Aid, tamasha la muziki la kuwachangia wenye njaa wa Uhabeshi (Ethiopia). Mimi niliiona Kuze, mtaa wa Mombasa, kwa mkanda wa video aliotuletea ami yangu, baharia. Tulijazana mkekani, watoto wa mtaa mzima mbele ya televisheni moja. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, alipopiga makofi na uwanja wote wa Wembley kule London ukamwitikia, nasi tuliitikia! Na Phil Collins, mwanamuziki Mwingereza: aliimba London, akapanda Concorde, ndege ya kasi kupita sauti, akaimba tena Philadelphia, Marekani, siku hiyo hiyo, 13 Julai. Hatukuamini, ami ilibidi atuapie. Lakini zilipotokea picha za watoto wa Uhabeshi, jirani zetu hawa, bibi alinyamaza, akajifuta macho kwa leso. Usiku ule hakuna aliyebakisha wali sahanini.