Kati ya “hawezi kuja” na “anaweza asije”

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi mzaliwa wa Tanga, nimeolewa Izmir, Uturuki, huu mwaka wa 4. Binti wa wifi yangu ana miaka 17 na kila Jumamosi huja kwangu nimsaidie Kiingereza. Majina ya sarufi anayajua kuliko mimi, lakini akifika kwenye “can”, “must” na ndugu zao anavuruga. Husema “I will can come”. Juzi jirani yetu, mama wa Kiingereza, aliuliza alete nini tukila pamoja, binti akamjibu “You mustn't bring anything”. Mama wa watu akabaki ananikodolea macho. Nimeeleza hadi koo limekauka. Nianzie wapi?
— Mama Wawili, Izmir

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anzia kwenye Kiswahili chako. Sikutanii.

Nilikaa Konya, hukohuko Uturuki, miaka 3 nikifundisha Kiingereza jioni, wanafunzi wangu wengi watu wazima waliotoka kazini. Ramadhani ya kwanza mama mwenye nyumba alinialika kufuturu. Nilikuwa na kipindi, sikujua kama kingeisha mapema, nikamwambia “Gelemem”. Kipindi kikaisha mapema, nikapiga hodi. Mama alifungua mlango, akaniangalia, akageuka jikoni kuongeza maji kwenye supu ya dengu. Nilikuwa nimemwambia “siwezi kuja”. Nilichotaka ni “Gelmeyebilirim”: huenda nisije. Alinifundisha tofauti yake palepale huku akinikatia mkate, na akanirudisha mara 3 mpaka nikaipatia.

Usiku ule nililala nikiyapanga maneno kichwani. Kituruki hujenga neno refu kama sisi, ila sisi tunabandika mbele na wao wanabandika nyuma. “Gel” ndiyo “ja”. Kipande cha “-ebil-” ndicho “weza”, na kikikanushwa hubaki “-e-” tu. Sasa tazama: “gelemez” ni hawezi kuja, “gelmeyebilir” ni anaweza asije, na “gelemeyebilir” ni anaweza asiweze kuja. Kote huko kikanushi, kile kipande cha “-me-”, kina mahali pake. Kikigusa kuweza, mtu ameshindwa. Kikigusa kuja, bado hatujui. Wewe unayasikia hayo tangu utoto, na binti anayasikia pia. Anayewachanganya ni Mwingereza, ambaye “not” yake ameiweka mahali pamoja siku zote, mara baada ya kitenzi kisaidizi kama “can” au “must”, halafu anakuachia ujue mwenyewe inakanusha nini.

Ndiyo maana ya kisa cha jirani. Binti alifikiri vizuri kabisa: “must” ni lazima, nikiikanusha nitapata si lazima. Kwa hesabu hiyo kosa si lake. Lakini katika “mustn't” ile “not” inarukia kitenzi kikuu: lazima usilete. Jirani yenu ameambiwa, kwa sauti ya upole, asithubutu kuja na sahani. Kwa “si lazima ulete” Mwingereza ana “you don't have to” au “you needn't”.

Jumamosi ijayo usimweleze kitu. Mwambie kwanza aseme Kituruki chake. Akisema “getirmemelisin”, muulize “-me-” ya kukanusha imekaa wapi. Atakuonyesha: imegusa kuleta. Hiyo ndiyo “mustn't”. Akisema “getirmene gerek yok”, ile “yok” iko kwenye haja, haja haipo. Hiyo ndiyo “don't have to”. Mpe sentensi 10 za nyumbani, za viatu mlangoni na paka wa jirani, aziseme zote kwa njia hiyo kabla hajaandika hata moja. Ya vitabuni mwachie mwalimu wake.

Hilo la “I will can come” ni jambo jingine. Kituruki chake ni “gelebileceğim”: kuja, kuweza, wakati ujao, mimi, vyote kwenye behewa moja. Sisi nasi husema “nitaweza kuja” bila taabu. Lakini bodaboda ya Kiingereza haipandi mshikaki. Abiria ni mmoja: “will” akishakaa, “can” anashuka, anapanda “be able to” badala yake. Nilipowaeleza wanafunzi wangu hivyo, na kuwachorea pikipiki ubaoni, kosa lile lilipungua kuliko kwa kanuni yoyote niliyowahi kuandika. Na baada ya abiria huyo kitenzi hukaa kitupu. Hakuna “must to go”, hakuna “she can goes”.

Kuna mahali atapata cha bure, na umwonyeshe ili asikate tamaa. Taa inawaka nyumba ya pili: “Evde olmalı”, lazima yuko nyumbani, “He must be at home”. Taa imezimwa na gari halipo: “Evde olamaz”, hawezi kuwa nyumbani, “He can't be at home”. Kiingereza na Kituruki vinaenda sambamba hapo, na wanafunzi wengi wa lugha nyingine hujikwaa palepale wakisema “mustn't be”.

Yaliyopita nayo yanahitaji mkono wako. “Gitmeliydim” ni nilipaswa kwenda, na sikwenda: “I should have gone”. “Gitmek zorunda kaldım” ni ilinibidi niende, na nilikwenda: “I had to go”. Hapo Kiswahili na Kituruki ni mtu na pacha wake. Asikuandikie “I must went”.

Nimalizie na adabu, maana atakuja kuomba chuo. “-meli” ya Kituruki inabeba “should” na “must” pamoja, na wengi wamekariri “must” peke yake. Mwanafunzi wangu mmoja alimwandikia profesa wa ng'ambo “You must answer me”. Hakujibiwa. Kuna lazima ya mapenzi, kama “You must come and eat with us”, hiyo haina ubaya, na Kituruki kinayo vilevile. Lakini kwa mtu unayemwomba jambo, “could you” ndiyo njia.

SWALI: Mwalimu, nafanya kazi mapokezi ya hoteli Nungwi. Mgeni wa Kituruki alikuja na chupa yake ya chai akaniuliza “Do you drink tea?” Nikamjibu “Yes, every morning”. Akanitazama kidogo, akaondoka na chupa. Nilikosea nini?
— Kijana wa Mapokezi

JIBU: Ulikoseshwa chai, kijana wangu. Alikuwa anakukaribisha.

Mturuki husema “Çay içer misin?” Hiyo “-er” ni ya mazoea, jamaa ya “hu-” yetu: watu hunywa, jua huchomoza. Ila wao huitumia pia kukaribisha na kuomba. “Kapıyı açar mısın?” maana yake nifungulie mlango tafadhali. Mgeni akiitafsiri neno kwa neno, inatoka “Do you open the door?”, na wewe unabaki kujiuliza kama anafanya utafiti. Kiingereza hapo kinataka “would”: “Would you like some tea?”, “Would you open the door?” Na akiipata, huenda ukaisikia “vud”, kwa kuwa sauti ya “w” haimo katika Kituruki chao.

Akisimama karibu na dirisha akasema “I open?”, ujue kichwani mwake mna “Açayım mı?”, ambayo ni “Nifungue?” yetu, ileile yenye “e” mwishoni. Mwingereza angesema “Shall I open it?” Wewe itikia tu.

Siku akirudi na chupa, sema “Yes, please” na uvute kiti. Utapewa kwenye glasi ndogo yenye kiuno, chai ya rangi, bila maziwa. Ukitosheka, laza kijiko juu ya mdomo wa glasi. Usipolaza, anaweza asiache kumimina.