Wageni wa siku mbili Mji Mkongwe: wale wapi?

Ndugu muulizaji, umetaka kujua kama wageni wako watakaokaa siku mbili Mji Mkongwe wa Zanzibar wale hotelini au mitaani. Kwa maoni yangu, hotelini wanywe chai ya asubuhi tu, na milo iliyobaki waile mjini. Wapitishe kwanza soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, waone viungo na samaki kabla havijafika chunguni. Mchana watafutie urojo, na hapo usiwaharakishe: waeleze kwamba ule mchuzi mzito wa unga, uliotiwa ukali wa ndimu na embe mbichi, hubeba bajia, kachori, viazi, mishikaki na chipsi za muhogo, kisha chatini na pilipili huongezwa kwa kadiri ya mlaji, kwa hiyo asiyezoea aombe pilipili kando. Jioni Forodhani, bustani ya ufukweni panapouzwa vyakula, hupendeza sana, ila waulize bei kabla ya kuagiza na wachague kinachochomwa mbele ya macho yao. Ikiwa ni Ramadhani, wasile hadharani mchana. Na wakialikwa futari nyumbani kwa mtu, waahirishe mipango mingine yote waende.