Kofia ya babu kuitia kwenye fremu ya boksi: usitumie gundi

Ndugu yangu uliyeuliza utumie gundi gani kuweka kofia ya marehemu babu, tasbihi yake na zile pesa za shaba kwenye fremu moja ya boksi (ile yenye kina, kioo mbele) utundike ukutani, jibu langu usitumie gundi yoyote. Nakwambia hivo kwa sababu mie nishaharibu.

Ya mwanzo niliitengeneza ya mzee wetu, kofia nikaibandika kwa ile gundi ya moto ya bastola, pesa nikazishika kwa silikoni ya kubandikia vioo, ile inayonuka siki. Ikatoka nzuri mashaallah, kila mgeni anaisifu. Lilipokuja joto la kaskazi gundi ikalainika, kofia ikadondoka humo humo ndani ikabanduka na nyuzi zake. Na pesa ndo zilizonimaliza, zile za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, za 1299 Hijria yani 1882, zikafanya kutu ya kijani. Kumbe ile harufu ya siki ni asidi kweli inatoka silikoni ikikauka, sasa ndani ya boksi lililofungwa haina pa kwenda inakula shaba.

Siku hizi nafanya hivi. Kofia kama uzi bado mzima naifua uwanga wote utoke, maana kofia za mkono tunazitia uwanga zikae vizuri na wadudu uwanga ndo chakula chao, halafu naikausha kivulini juu ya faruma, kile kibao cha kuwekea kofia ishike umbo. Ikiwa imeshachakaa usiifue, ipanguse vumbi kwa brashi laini basi. Ndani naijaza ile pamba ya plastiki ya mito (sio sufi) ishike umbo. Ubao wa nyuma nauvika foili ya jikoni kwanza, kwa sababu plaiwudi nayo inatoa hewa yake mbaya, juu yake amerikani (kitambaa cha pamba kisicho na rangi) iliyofuliwa, halafu naishona kofia hapo kwa uzi wa pamba. Raha ya kofia ya kiua vitobo vishakuwepo, sindano inapita mulemule huna haja ya kutoboa kitu. Tasbihi naifunga kwa mshipi mwembamba wa nailoni, ule wa kuvulia samaki, sehemu tatu nne hauonekani. Pesa nakata duara kwenye kadibodi nyeupe ya kuwekea picha, ile isiyo na asidi, zinakaa zenyewe. Na tafadhali usizisugue kwa ndimu! Ule weusi ndo umri wake.

Kina cha boksi pima kitu chako kisha ongeza, kofia ikiwa na kimo cha sentimita 9 boksi liwe 11 hivi, kioo kisiguse kitu kabisa, kikigusa unyevu unakaa hapo na koga linaanzia hapo hapo. Vanishi iache wiki tatu nne ikauke sawasawa ndo ufunge. Na funga siku kavu, Januari au Februari, sio katikati ya masika, vyenginevyo unafungia maji ndani na kioo. Nyuma tia skurubu sio misumari, ili uweze kufungua ubadilishe vile vipakti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu, vikishashiba maji havina kazi tena.

Umesema nyumba iko Mji Mkongwe wa Zanzibar, basi hapo ndo pabaya zaidi. Kuta za mawe na chokaa zinanyonya maji na chumvi, fremu ikilala juu ya ukuta inaoza kwa nyuma wewe huoni. Kata vipande vinne vya ndara kuukuu gundisha pembeni kwa nyuma (hapa gundi ruhusa) hewa ipite. Usitundike mkabala na dirisha, kioo cha kawaida hakizuii jua kupausha uzi.

Na kama unataka kutia na picha ya babu mule ndani, tia kopi. Yenyewe ibaki kabatini.