Maswali ya Wasomaji: Laini Imepanuliwa, Kasi Ni Ile Ile

SWALI: Mfumo wetu wa zamani unatumia itifaki ya X.25 (kanuni za zamani za kusafirisha data kwa pakiti). Tumetoka kwenye laini ya kilobiti 64 kwa sekunde tukaingia ya megabiti 2, lakini mafaili yanafika kwa mwendo ule ule. Je, laini mpya ni mbovu?

JIBU: Laini huenda ni nzima kabisa. Angalieni kwanza dirisha, yaani idadi ya pakiti (vipande vya data) ambazo mtumaji anaruhusiwa kuzitoa kabla ya kupata uthibitisho. X.25 kwa kawaida huanza na pakiti 2 za baiti 128 kila moja, sawa na biti 2,048. Ikiwa uthibitisho unatoka kwa mpokeaji wa mwisho na safari ya kwenda na kurudi ni milisekunde 50, hamtavuka kilobiti 41 kwa sekunde, hata laini ingekuwa ya gigabiti. Mtumaji anashinda akingoja.

Pandisheni pakiti hadi baiti 1,024 na dirisha hadi 7. Kikomo kitafika takriban megabiti 1.15. Kupita 7 kunahitaji namba za pakiti zihesabiwe kwa mzunguko wa 128 badala ya 8, na pande zote mbili zikubaliane. Msisahau ngazi ya chini, LAPB, inayobeba kila pakiti ndani ya fremu, yaani bahasha yake, kati ya kifaa na kifaa. Urefu wa juu wa fremu (N1) usipoongezwa, fremu ndefu hukataliwa kwa FRMR (ujumbe wa kukataa fremu) na kiungo huanza upya. Hapo ndipo wengi hukwama.

Kuna kikwazo kingine ambacho mipangilio haikiondoi. X.25 ilisanifiwa mwaka 1976 kwa nyaya za simu zenye kelele, kwa hiyo kila nodi (kifaa cha kupitishia data) njiani huipokea fremu nzima, huikagua, huithibitisha na hutunza nakala mpaka ijibiwe. Kwenye nyuzi za kioo makosa ni machache mno, na kazi hiyo yote inakula muda bure. Ndiyo maana Frame Relay, teknolojia iliyokuja baada ya X.25, iliiacha: fremu mbovu hutupwa, na kompyuta za mwisho ndizo zinazoomba irudiwe.

SWALI: Basi tukihamia TCP, itifaki ya intaneti, tumepona?

JIBU: Si lazima. Dirisha la TCP ya awali liliandikwa kwa biti 16, kwa hiyo mwisho wake ni baiti 65,535. Kwa safari ya milisekunde 100, hiyo ni megabiti 5.2 tu kwa sekunde kwa kila muunganisho. Kuijaza laini ya gigabiti 1 kunahitaji dirisha la megabaiti 12.5.

Dawa yake, kikuza-dirisha (window scaling), ilisanifishwa mwaka 1992. Kwenye Linux hakikisheni net.ipv4.tcp_window_scaling ni 1, na kwamba kiwango cha juu katika tcp_rmem na tcp_wmem (nafasi ya kumbukumbu ya kupokea na ya kutuma) kinatosha. Kikuza hicho hutajwa ndani ya pakiti za SYN, zile za kufungua muunganisho, peke yake. Anzeni kunasa pakiti kabla muunganisho haujafunguliwa, tena katika ncha zote mbili: kikionekana kikitoka upande mmoja na hakifiki wa pili, kuna ukuta wa moto njiani unaokifuta.