Mtetea wetu amegeuka mkali, anamdonoa mtoto. Tufanyeje?

SWALI: Shikamoo daktari. Ninaishi Uyole, Mbeya. Tuna mtetea mmoja wa kienyeji, tunamwita Tausi. Binti yangu wa miaka sita ndiye aliyemlea ndani ya nyumba tangu akiwa kifaranga, baada ya kicheche kumla mama yake. Alikuwa mpole, anamfuata mtoto kila aendako. Wiki mbili sasa amebadilika. Hatagi tena, anashinda kwenye tenga huko stoo, ukimsogelea anatutumua manyoya na kunguruma. Akitoka nje anamkimbilia mtoto na kumdonoa miguu, juzi hadi damu ikatoka. Jogoo hatuna. Jirani mmoja anasema ana kichaa, tumchinje. Mwingine anasema tumkate mdomo, au tumtumbukize kwenye ndoo ya maji baridi. Mtoto analia akisikia habari ya kisu. Tusaidie.

JIBU: Marahaba, mama. Kisu kirudisheni jikoni. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa wanyama wanaonyonyesha, kuku haambukizi mtu. Kidonda cha mtoto kioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kama kimechimba ndani, au chanjo zake za pepopunda hazijakamilika, mpeleke kituo cha afya. Na kuanzia leo asimwinamie Tausi uso kwa uso, maana kuku hudonoa kitu kinachong'aa, na jicho linang'aa.

Kwa maelezo yako, Tausi anaatamia. Kuacha kutaga, kung'ang'ania tenga, kututumua manyoya na kunguruma ndizo dalili zenyewe. Ukichunguza utaona pia kwamba anatoka mara moja tu au mbili kwa siku, anakula harakaharaka, na anaacha kinyesi kikubwa chenye harufu kali. Kwake yeye tenga lile lina watoto, hata kama ni tupu, na anayelikaribia ni adui. Kwa kuwa hamna jogoo, hata mayai yake mwenyewe yasingekuwa na mbegu, kwa hiyo hakuna kifaranga kitakachokuja kumaliza shughuli hiyo. Anaweza kukaa hapo wiki nyingi huku akikonda.

Ila kuna jambo la pili, na ndilo linalomfanya amfuate mtoto hata nje. Kuku hupangana kwa kudonoana: nani ale kwanza, nani ampishe mwenzake. Tausi hajawahi kuwa na kuku wenzake, hivyo nyinyi ndio kundi lake, na haogopi watu hata kidogo. Katika kundi hilo aliye mfupi, anayepiga kelele na kukimbia, ndiye anayewekwa chini. Kila mtoto anapokimbia, Tausi anaona ameshinda.

Kabla ya lolote, mkague. Usiku, akiwa ametulia, mshike ukiwa na tochi. Fungua manyoya chini ya mabawa na kuzunguka njia ya haja, tazama pembeni mwa macho na kwenye kilemba, kisha nyayo. Kuku anayeatamia haogi vumbi kama kawaida, hivyo viroboto, chawa na utitiri humjaa, na kuku anayeumwa au kuwashwa huwa mkali zaidi. Ukiwakuta, choma nyasi zote za tenga na uulize duka la dawa za mifugo dawa ya unga inayofaa kuku. Mwachie pia mahali pakavu penye vumbi na jivu lililopoa ajigaragaze.

Sasa kumtoa kwenye kuatamia. Kinachoendeleza hali hiyo ni homoni mwilini, nayo hulishwa na giza la kiota na joto chini ya kifua. Kwa hiyo mwondolee vyote viwili. Tengeneza kizimba cha fito za mianzi au wavu, sakafu yake iwe na nafasi za kupitisha hewa, kiinuliwe kama nusu mita kutoka chini. Usiweke nyasi. Mpe maji na chakula cha kutosha, akae humo siku tatu hadi tano mahali penye mwanga, halafu mwachie umtazame. Akirudi mbio stoo, mrudishe kizimbani. Stoo ifungwe.

Ndoo ya maji sikubaliani nayo kabisa, hasa kwa baridi yenu ya Juni na Julai. Kuku aliyelowa mpaka ngozini hupoteza joto haraka, na usiku mmoja wa Uyole unaweza kumuua. Usiku ingiza kizimba chini ya paa pasipo upepo, lakini msiweke jiko la mkaa chumbani humo. Hewa ya mkaa inaua kuku na inaua watu. Mdomo nao msikate: una mishipa ya fahamu, ataumia na atashindwa kula vizuri.

Mkipenda vifaranga, tafuta kwa jirani mwenye jogoo mayai kumi hivi yasiyozidi wiki moja, mwekee usiku, na siku ya 21 watatoka. Lakini fahamu kwamba mama mwenye vifaranga ni mkali kuliko huyu wa sasa, na atabaki hivyo kwa wiki kadhaa. Mimi, kwa nyumba yenye mtoto wa miaka sita, ningechagua kizimba.

Kwa upande wa mtoto, acheni kumlisha Tausi mkononi, chakula kiwekwe kwenye chombo. Akiwajia, msimpige teke wala msikimbie. Mtu mzima asimame imara, aweke ufagio au kikapu katikati, kisha amshike mabawa yakiwa yamebanwa mwilini na ambebe kwapani mpaka atulie ndipo amshushe. Binti arudi taratibu, akiwa amevaa buti na wewe uko pembeni.

Tausi akianza tena kutaga, jambo ambalo huchukua wiki chache, halafu bado anamshambulia mtoto, mwone afisa mifugo wa kata ampime. Ukiamua kumtafutia wenzake, nunua mitetea wawili wa umri wake waliochanjwa kideri (ugonjwa wa Newcastle), uwatenge wiki mbili kabla ya kuwachanganya.