Maswali Yenu: Mizani ya Malori Iwe ya Nani?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Niko na tipa mbili za kubeba balasti na mchanga, natokea Embakasi. Shemeji yangu anaendesha lori huko Florida, Marekani, na juzi kwa simu akaniambia kule kazi ya kushika malori yaliyozidisha uzani ilitolewa kwa idara ya barabara ikapelekwa kwa polisi, na kuna jimbo lingine pia lilifanya hivyo. Sasa hapa kwetu wenye malori wamegawanyika, wengine wanasema KeNHA (mamlaka ya barabara kuu) wanyang'anywe mizani wapewe trafiki yaishe, wengine wanasema NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani). Wewe unaonaje, kuhamisha kutasaidia ama ni kubadilisha tu sare? – Mwenye tipa, Embakasi

JIBU: Shemeji yako hajakudanganya, ila amekupa nusu ya habari. Florida walihamisha Julai 2011, na kilichohama ni askari, wale wa kusimamisha lori barabarani na kuandika makosa, wakaingizwa kwa Florida Highway Patrol, yaani polisi wa barabara kuu wa jimbo. Wapimaji wanaokaa kwa vituo vya mizani walibaki chini ya idara ya barabara ya jimbo. Kwa hivyo hapo waligawanya kazi, hawakuibeba yote. Jimbo lingine nadhani anamaanisha Colorado, wao Julai 2012 walichukua vituo vyote vya malori na watu wake wakapeleka kwa polisi wa jimbo, lakini hao hawakutoka kwa watu wa barabara, walitoka kwa idara ya mapato, watu wa ushuru! Unaona sasa, majimbo mawili, yote tunasema "walipeana kwa polisi" na kumbe kila moja lilifanya kitu tofauti kabisa.

Na juu ya majimbo yote kuna serikali kuu ya Marekani ambayo kila mwaka inataka jimbo lithibitishe kwamba sheria ya uzani inafuatwa, jimbo likizembea linaweza kukatwa pesa za barabara. Haijalishi mizani iko kwa nani, kuna mtu juu yake anauliza. Hiyo kwangu ndiyo ya kuigwa kabla hata hatujaanza kuongea mambo ya sare.

Turudi hapa. Ukitoka Nairobi ukielekea Mombasa unajua pale Mlolongo vile inaenda, lori linapita juu ya vifaa vilivyofukiwa chini ya lami vinavyosoma uzani likiwa kwa mwendo, likishukiwa linaelekezwa ndani, dereva anapanda mizani polepole ekseli (mhimili wa magurudumu) moja baada ya nyingine, karani anaangalia skrini, tiketi inatoka. Kando yake kuna polisi. Yule karani hana nguvu ya kumkamata mtu na yule polisi hana haja ya kujua mizani inasawazishwa vipi, na hapo kuna watu wa Weights and Measures pia ambao ndio hukagua kama mizani yenyewe inasema ukweli. Ni ofisi tatu kwa kituo kimoja. Wenye malori wanaona hiyo ni usumbufu, mimi naona ndiyo kinga yenyewe, kwa sababu ukiweka kupima, kukamata na kuachilia kwa mkono wa mtu mmoja, ile bei ya kupita inajulikana kwa wiki moja tu.

Kwa hivyo jibu langu ni hapana, mizani isiende kwa trafiki. Ibaki kwa wenye barabara kwa sababu wao ndio wanaumia ikivunjika. Lami ikibonyea pale Mai Mahiu hakuna OCS (mkuu wa kituo cha polisi) ataulizwa, ataulizwa mkurugenzi wa KeNHA na ndiye atatafuta pesa za kuitengeneza. Polisi wanapimwa na ajali na uhalifu, uzani kwao utakuwa kazi ya pembeni, askari akihitajika kwa maandamano mjini ataondolewa mizani kwanza. Nakubali kuna kitu kimoja polisi wanashinda wote, wanaweza kufuata lori linalokwepa mizani kwa kupitia njia za ndani usiku, karani hawezi. Hiyo wapewe, na waongezewe watu, lakini mashine na rekodi ziachwe mahali ziko.

Kuhusu NTSA, kumbuka Januari 2018. Baada ya zile ajali mbaya za kule Sachangwan, Rais aliagiza NTSA watoke barabarani na kazi ibaki kwa trafiki peke yao, ikafanyika haraka hivyo hivyo. Ajali hazikuisha. Ukihamisha kazi kwa hasira unahamisha na matatizo yake, na kwa mizani ni hatari zaidi kwa sababu kuna kesi ziko kortini na tiketi ndiyo ushahidi, wakili atauliza huyu aliyepima siku ile alikuwa chini ya ofisi gani na kwa sheria ipi, kesi inaanguka.

SWALI: Mhariri shikamoo. Mimi ni dereva wa lori la magurudumu 22. Nilipimwa kituo fulani jumla ikawa chini ya tani 50 lakini wakaniambia ekseli za kati zimezidi, nikakaa pale hadi jioni. Jumla ikiwa sawa kosa liko wapi? – Dereva, Mlolongo

JIBU: Marahaba kaka. Kosa liko kwa sababu barabara haijui jumla, inajua gurudumu lililo juu yake saa hiyo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 ya kudhibiti uzani wa magari inakupa tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 18 kwa zile mbili za kati na tani 24 kwa zile tatu za trela. Jumlisha upate hizo 50 zako. Ukiwa na 7 kwa usukani, 20 kati na 21 nyuma umefika 48, jumla uko salama, lakini kati umezidisha tani 2.

Na hizo tani 2 si kidogo. Wamarekani walijenga barabara za majaribio kule Illinois wakazungusha malori usiku na mchana kati ya 1958 na 1960, wakaona uharibifu hauongezeki sawa na uzani, unaruka karibu kwa kipeo cha nne. Maana yake ekseli ya tani 12 mahali pa tani 10 inaumiza barabara mara mbili hivi, na umeongeza tani 2 tu. Mafuta unayoweka yana ushuru wa shilingi 25 kwa kila lita wa kutengeneza barabara tangu Julai 2024, kwa hivyo hiyo lami inayobonyea ni wewe unailipia tena.

Cha kufanya ni kusimamia upakiaji mwenyewe, usimwachie tanboi. Mzigo ukirundikwa mbele ya trela uzani wote unakalia ekseli za kati. Na wale wa mchanga, ukipakia umelowa baada ya mvua, boksi lile lile lenye kimo kile kile linakuwa zito zaidi, watu wengi hushikwa hapo wakiapa hawajaongeza hata koleo moja. Ukikuta imezidi kwa ekseli na jumla iko sawa, omba kupanga mzigo upya kisha upimwe tena, na tiketi zote mbili uziweke.

SWALI: Hapa mtaani kwetu tipa za mawe zinapita usiku, barabara imekuwa mashimo. Mizani iko haiwei, sisi wa mtaa tunaripoti wapi? – Mama wa Kayole

JIBU: Mama, kwanza ujue barabara yenu ni ya nani. Za haiwei ni za KeNHA, zile kubwa za ndani ya mji nyingi ni za KURA (mamlaka ya barabara za mijini), na vichochoro vya mtaa ni vya kaunti. Lakini sheria ya trafiki kuhusu kuzidisha mzigo haisemi haiwei peke yake, polisi wa kituo chenu wana uwezo wa kusimamisha tipa hata mbele ya lango lako. Andikeni barua moja mkiwa wengi, nakala kwa kituo cha polisi, kwa mwenye barabara na kwa MCA (mwakilishi wa wadi yenu), muweke namba za magari, saa zinapita na zinatoka machimbo gani. Namba za magari ndizo muhimu zaidi, ukisema tu "malori yanatusumbua" barua italala kwa faili.