Maswali ya wasomaji: Kuandika juu ya rangi, dhana potofu na tabaka

SWALI: Niko mwaka wa kwanza chuoni. Tumepewa kazi ya maneno 1,500: tafakuri ya binafsi juu ya ubaguzi wa rangi, dhana potofu na tabaka. Mimi sijawahi kutukanwa kwa sababu ya rangi yangu, wala sijawahi kulala njaa. Nikishaandika kwamba ubaguzi ni mbaya, nakuwa nimemaliza. Nianzie wapi?

JIBU: Si lazima uwe na kidonda ndipo upate cha kuandika. Anayepita mlangoni bila kusimamishwa ni shahidi sawa na yule aliyezuiwa, ila yeye hajazoea kuulizwa.

Usitafute tukio kubwa. Chukua dogo, la dakika chache, uliloliona kwa macho yako: mlinzi amekagua begi la mmoja akampungia mkono mwenzake apite, kikundi kinagawana kazi, mwenye lafudhi ya "kisomi" anapewa kuwasilisha mbele ya darasa na mwingine anatumwa kwenda kupiga chapa. Liandike kwa maneno 250 bila neno hata moja la hukumu. Nani alisema nini, alikuwa amesimama wapi, nani alinyamaza. Ukianza na "alimdharau," umeshatoa hukumu kabla msomaji hajaona ushahidi, na hutabaki na cha kuchambua.

Kisha lihoji tukio hilo mara tatu. Kwanza, waliohusika walikuwa na picha gani kuhusu mwenzao kabla hajafungua mdomo? Hiyo ndiyo dhana potofu, na makazi yake ni kichwani. Pili, walitenda nini, nani akapata na nani akakosa? Huo ni ubaguzi, na unaweza kuuonyesha kwa kidole. Tatu, je, jambo lile lingetokea hata kama kila aliyekuwapo angekuwa mtu mwema?

Tafakuri nyingi hukwama kwenye swali hili la tatu. Mwanafunzi anamaliza kwa kuchambua roho mbaya ya mtu mmoja, kana kwamba mtu huyo akihamishwa mambo yatakuwa shwari. Angalia Afrika Kusini: sheria ya usajili wa watu ya mwaka 1950 iliagiza kila mtu aandikishwe kwa kundi la rangi. Karani aliyejaza fomu hakuhitaji kumchukia yeyote. Kundi lililoandikwa pale ndilo lililoamua mtu aruhusiwe kuishi wapi na mtoto wake asome shule ya aina gani. Kwa hiyo rudi kwenye tukio lako uulize: ni kanuni gani, fomu gani, mazoea gani yaliyolibeba? Nani aliyapanga, na nani ana uwezo wa kuyabadili? Sehemu hii yote ya maswali matatu ipe maneno 600, na nusu yake iwe ya swali la tatu.

Maneno 400 yanayofuata ni ya nafasi yako wewe. Hapa taja vitu, usitaje hisia pekee. Ada yako inalipwa na nani? Lugha ya nyumbani kwenu ndiyo ya darasani? Kuna mtu katika familia aliyetangulia chuo, ambaye ungeweza kumuuliza namna ya kumwandikia mhadhiri barua? Usiigeuze kuwa toba. Aya nzima ya kujilaumu humrudisha msomaji kwako, na yule aliyetendewa anatoweka kwenye ukurasa.

Maneno 250 ya mwisho yaachie lile ambalo bado hujalielewa, pamoja na hatua moja unayoweza kuichukua hapo hapo ulipo. Na majina ya wenzako yafiche, hata kama unawasifu.

SWALI: Rafiki yangu anashikilia kwamba ubaguzi wa rangi ni umaskini tu uliopewa jina jingine: ukiwa na pesa hakuna wa kukubagua. Nimjibu nini?

JIBU: Mkubalie kwamba viwili hivyo vimesukana, kisha mwombe avifumue.

Mwaka 2004 wanauchumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo ya jaribio lao nchini Marekani. Walituma maombi ya kazi ya kubuni karibu 5,000 kujibu matangazo ya magazetini mjini Boston na Chicago. Sifa za waombaji zilipangwa zilingane, na majina yakagawiwa kwa bahati nasibu: mengine ya kama Emily na Greg, mengine ya kama Lakisha na Jamal. Wenye majina yanayosikika kuwa ya Wazungu waliitwa takriban mara 1 katika kila maombi 10. Wenye majina yanayosikika kuwa ya watu weusi, mara 1 katika kila 15. Wapo waliohoji kama jina halibebi pia dalili ya tabaka. Ni hoja nzito, iingize kwenye mjadala wenu. Kumbuka vilevile kwamba jaribio lilipima kuitwa, halikupima kuajiriwa.

Halafu mwonyeshe jinsi rangi ilivyotumika kutengeneza tabaka. Katika miaka ya 1930, wakala wa serikali ya Marekani wa mikopo ya nyumba ulichora ramani za miji na kuipa mitaa madaraja kuanzia A hadi D. Daraja D lilipakwa rangi nyekundu, na mitaa waliyoishi watu weusi iliangukia humo mara nyingi mno. Mkopo wa nyumba katika mitaa ya namna hiyo ulikuwa mgumu kupatikana. Ubaguzi katika makazi ulipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1968, lakini nyumba ndiyo mali kubwa ya familia nyingi: babu aliyezuiwa kununua hakuwa na cha kurithisha, na mjukuu akaanza maisha bila kitu.

Ndiyo maana katika maandishi yako utenganishe kipato na mali. Kipato ni kile kinachoingia kila mwezi. Mali ni kile kinachobaki ukishaondoa madeni yote. Watu wawili wenye mshahara uleule wanaweza kuwa mbali sana kimali, na anayetazama mishahara peke yake atadhani wako sawa. Zaidi ya hapo, Pierre Bourdieu, mwanasosholojia wa Ufaransa, alionyesha kwamba tabaka huonekana pia katika namna ya kuzungumza, kuvaa, na kujuana na watu. Mtu anaweza kupata pesa leo na bado akatazamwa kama mgeni mezani.

SWALI: Je, sayansi inatambua kwamba binadamu wamegawanyika katika rangi?

JIBU: Mwaka 1972 mwanajenetiki Richard Lewontin alipima tofauti za kijenetiki na kuona kwamba takriban asilimia 85 ya tofauti zote za binadamu zimo ndani ya jamii moja moja. Kilichobaki cha kutofautisha kundi na kundi ni kidogo. Lakini usiandike "kwa hiyo rangi haipo." Haina mizizi katika damu, ila madhara yake yapo kwenye mishahara, hospitalini na mahakamani, na hayo yanapimika.

SWALI: Tuko sita katika kikundi cha masomo. Mmoja wetu hutoa mizaha kuhusu "watu wa aina ile," nasi tunacheka. Nikisema, nitaonekana najifanya mtakatifu. Nifanyeje?

JIBU: Anza kwa kutocheka. Kisha muulize kwa sauti ya kawaida, "Una maana gani?" na umwache aeleze. Mzaha wa namna hii hudhoofika ukitakiwa kufafanuliwa, kwa sababu nguvu yake iko katika lile ambalo wote mnalijua na hakuna anayelitamka.

Usimwite mbaguzi mbele ya watu. Si kwa kumwonea huruma: ukifanya hivyo, mazungumzo yatahama kutoka kwenye maneno yake kwenda kwenye tabia yake, marafiki zake watamtetea, na mzaha wenyewe hautajadiliwa tena. Sema, "Neno lile linaumiza, liache." Ni vyema pia uzungumze kwanza na mmoja wa wenzako, ili ukisema usisimame peke yako. Na kama yupo kundini mtu anayelengwa, msimgeukie yeye awafundishe kwa nini inauma.

Akiendelea, au akimwandama mtu mmoja, andika tarehe, maneno yaliyotamkwa kama yalivyotamkwa, na waliokuwapo. Mwulize kwanza mlengwa kama anataka mpeleke malalamiko, kwa kuwa yeye ndiye atakayebeba matokeo.

Mkitaka kundi lenyewe libadilike, tazameni mnavyofanya kazi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza kwamba kukutana kwa watu hupunguza dhana potofu zaidi pale wanapokuwa na hadhi sawa, lengo moja, kazi ya kushirikiana, na uongozi unaounga mkono jambo hilo. Basi pokezaneni majukumu kila juma: anayeandika kumbukumbu leo awe msemaji juma lijalo, na mhadhiri ajulishwe utaratibu huo ili autambue anapotoa alama.